Nani Anamfahamu Mwenye Bastola?

Anayetaka kumiliki bastola kihalali pale Katoro, Kahama au Kakola haanzii dukani, na wala haanzii polisi. Anaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji anakoishi. Huko ndiko anakopeleka maombi yake: yeye ni nani, anafanya shughuli gani, silaha anaitakia nini. Maombi yakipita hapo yanapanda ngazi ya kata, yanafika kwenye kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya, yanakwenda mkoani, na mwisho yanatua mezani kwa Msajili wa Silaha katika Jeshi la Polisi. Njiani mwombaji anachunguzwa kama ana rekodi ya jinai. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inamtaka awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, asiwe mtumwa wa pombe wala dawa za kulevya, na awe na cheti kinachothibitisha kwamba anajua kuitumia silaha na kuitunza. Wenye haraka huiona safari hii kuwa usumbufu mtupu, na hatua ya mwenyekiti wa mtaa huidharau kuliko zote, kwa sababu mwenyekiti hajui tofauti ya bastola na shotigani. Mimi naamini hatua hiyo ndiyo yenye akili kuliko nyingine zote. Naamini pia kwamba katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, ndiyo inayovuja zaidi, na kwamba tusipoiziba pale inapovuja, leseni ya silaha itabaki kuwa karatasi inayomhusu mtu ambaye hakuna anayemfahamu.

Watu wa Shinyanga hawahitaji mgeni aje kuwaeleza thamani ya jirani katika mambo ya ulinzi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa, na wizi wa ng'ombe na ujambazi wa kutumia bunduki ukawaelemea wafugaji wa Usukuma na Unyamwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya huko vikaunda ulinzi wao wenyewe, ambao nchi nzima ilikuja kuufahamu kwa jina la Sungusungu, au Basalama. Walibeba upinde na mishale, wakapashana habari kwa filimbi na yowe. Dhidi ya bunduki, mshale si silaha ya kutisha, na wanaodhani Sungusungu walifanikiwa kwa sumu ya mishale yao hawajaitazama historia ile vizuri. Walifanikiwa kwa sababu kijiji kilijua nani hakulala nyumbani kwake usiku ng'ombe walipoondoka, nani amepokea mgeni asiyetaka kumtambulisha, nani ghafla amepata fedha zisizoeleweka zilikotoka. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuwatambua. Sisemi kwamba walikuwa malaika. Wapo wanawake waliotuhumiwa uchawi wakafukuzwa kwenye makazi yao, na wapo watuhumiwa waliopigwa bila kufikishwa kwa hakimu. Kujuana kunaweza kugeuka fitina, na hoja hiyo nitaijibu hapo mbele. Lakini kanuni iliyomo ndani yake ni ile ile ambayo sheria ya silaha imeiweka kwenye mlango wa kwanza: kabla serikali haijamkabidhi mtu chombo cha kuua, waulizwe kwanza wanaomwona kila siku.

Sasa kanuni hiyo ipeleke kwenye rashi, yaani machimbo mapya yanayokimbiliwa na watu mara dhahabu inapoonekana. Mkoa wa Geita ulizaliwa rasmi mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ikakuta watu takriban milioni 1.7. Sensa ya 2022 ikakuta karibu milioni 3. Wengi katika ongezeko hilo ni watoto waliozaliwa humo, ila si haba waliofuata dhahabu, na hao hawakai wakangoja kuhesabiwa. Mtu akiokota dhahabu ya juu kwenye shamba la mihogo, habari inasambaa kwa simu kabla jua halijazama. Ndani ya wiki chache pori limejaa maturubai, mama ntilie wameinjika, baa imefunguliwa, karasha la kusaga mawe linanguruma usiku kucha, na kibanda cha kutuma na kupokea fedha kina foleni. Wamekuja kutoka Tarime, Chunya, Singida, Kigoma, na wengine kutoka ng'ambo ya mipaka. Majina yao ya ubatizo yamebaki kwao. Hapa mtu anaitwa kwa jina la alikotoka au la tabia yake. Dhahabu ikikata wanahama, leo Nyarugusu, kesho Rwamgasa, mwakani Mwakitolyo. Mtu wa namna hii akipata mafanikio, akawa mnunuzi au mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, akataka bastola, anakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji ambacho chenyewe kina umri wa miezi. Mwenyekiti atamwandikia nini? Anachokijua ni kwamba mtu huyu hanunui kwa kukopa na msibani huchangia vizuri. Kama alimpiga mke wake kule Chunya, kama alifukuzwa Tarime kwa ugomvi, kama akinywa hubadilika akawa mtu mwingine, mwenyekiti hana njia ya kujua. Anapiga muhuri kwa nia njema kabisa. Ngazi zote zinazofuata, kata, wilaya na mkoa, zinauchukua muhuri ule kama ushahidi kwamba mtu anafahamika, wakati hakuna aliyemfahamu.

Turudi kwenye sababu, maana fomu inauliza sababu na mwombaji ana haki ya kusikilizwa. Mnunuzi wa dhahabu akisema anahitaji kujilinda hasemi uongo. Fuatilia mfuko mmoja wa mawe uone ni mara ngapi mali inakuwa wazi mbele ya macho ya watu. Mawe yanapandishwa kutoka duarani na vijana wanaoitwa manyani, yanapangwa kwenye mifuko mdomoni mwa shimo, na hapo hapo mgao unafanyika: fungu la mwenye leseni ya eneo, fungu la mwenye duara, fungu la waliochimba. Ugomvi mwingi wa machimboni huanzia kwenye mifuko hiyo. Kutoka hapo mawe yanakwenda karashani, unga unakwenda mwaloni kuoshwa, zebaki inashika dhahabu, zebaki inachomwa, na kinachobaki ni kidonge cha manjano kinachoenea kwenye kiganja. Kwa bei za sasa gramu moja inavuka laki mbili. Mnunuzi anakaa kwenye kibanda cha mabati na mzani wake mdogo, mkoba wa noti miguuni, watu kumi wanamtazama. Wapo wanaoitwa wabeshi, ambao kazi yao ni kuvizia na kupora mchanga na mawe ya wenzao, na wapo wabaya kuliko hao wanaomngojea njiani jioni. Kumwambia mtu huyu kwamba woga wake ni wa kubuni ni kumtukana.

Hata hivyo, kinachomweka hatarini ni fedha taslimu pamoja na biashara isiyo na ukuta, na dawa ya hayo mawili imeshaonekana. Machi 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifungua mjini Geita soko la madini, la kwanza la aina yake nchini, wakati ambapo Bunge lilikuwa limekwisha kuwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya zuio na kodi ya ongezeko la thamani ili wasiwe na sababu ya kuuza kwa kificho. Masoko mengine yakafuata, Kahama ikiwemo. Ndani ya soko dhahabu inapimwa mbele ya ofisa wa Tume ya Madini, bei ya siku inafahamika, mrabaha unakatwa, muuzaji anaondoka na hati, polisi wapo mlangoni, na fedha inaweza kuingia benki au kwenye simu bila kupita mtaani ndani ya mkoba. Soko hilo limefanya kwa usalama wa mnunuzi mambo ambayo hakuna bastola ingeweza kuyafanya: limeondoa mkoba wa noti, limeondoa kibanda cha peke yake, limeweka mashahidi. Bado wapo wanunuzi wanaoingia mialoni na taslimu, hasa kwenye rashi mpya ambako hakuna hata kituo kidogo cha ununuzi. Lakini kwa aliyehamia sokoni, sababu aliyoiandika kwenye fomu miaka saba iliyopita imepungua au imekwisha. Leseni yake haijui hivyo. Anaihuisha, analipa ada, na bastola inaendelea kukaa kiunoni, sasa ikienda naye kwenye harusi, kwenye baa na kwenye kikao cha ukoo cha kugawana mirathi.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu mkubwa wa utaratibu wetu. Tunamkagua mtu kwa ukali mlangoni, kisha tunamwacha. Kiutendaji, leseni iliyomruhusu kumiliki bastola ndiyo hiyo hiyo inayomruhusu kutembea nayo ikiwa imechomekwa chini ya shati. Zoezi kubwa la kurudi kumtazama mwenye silaha lilikuwa uhakiki wa mwaka 2016, wamiliki walipotakiwa kupeleka silaha na leseni zao zikaguliwe. Hata Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato mkoani Geita, alihakikiwa silaha zake. Lilikuwa zoezi jema. Liliuliza kama silaha ipo, kama namba zinalingana na kama mmiliki yu hai. Halikuuliza mmiliki amekuwa mtu wa namna gani tangu siku alipopewa. Na mtu hubadilika. Aliyekuwa mtulivu akiwa na duara moja anaweza kuwa mkali akiwa na madeni ya matatu. Mei 2022, katika eneo la Buswelu wilayani Ilemela, ng'ambo ya ghuba kutoka Geita, mfanyabiashara alimuua mke wake kwa bastola ndani ya nyumba yao, kisha mwili wake mwenyewe ukapatikana ziwani. Mauaji yale hayakuhitaji jambazi wala pori la kuvizia. Yalihitaji mume, mke, wivu, na bastola iliyo karibu na mkono. Utafiti wa Arthur Kellermann na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 1993 uliona kwamba nyumba yenye bunduki ilikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa mtu kuuawa humo ndani, na aliyeua kwa kawaida alikuwa ndugu au mtu wanayefahamiana. Mazingira ya kule ni tofauti na yetu, sikatai. Ila sioni ni kitu gani katika ndoa za Geita na Kahama kinachozifanya ziwe salama zaidi kwa bastola kuliko ndoa za Marekani.

Kwa kuwa Marekani imetajwa, tuitazame kidogo, maana wapo wanaoitolea mfano wa uhuru. Kule katiba inatambua haki ya raia kuwa na silaha, jambo ambalo katiba yetu haina, na kila jimbo lina sheria yake ya kubeba bastola iliyofichwa. Zamani majimbo mengi yalimtaka mbebaji awe na kibali, na baadhi yakamtaka aeleze sababu maalumu. Vermont haikuwahi kudai kibali, ikaonekana kituko. Kufikia mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa yamefika hapo hapo, mtu mzima asiye na hatia anachomeka bastola na kutoka nyumbani bila kumwomba yeyote. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaibatilisha sheria ya New York iliyomtaka mwombaji athibitishe kwamba ana haja ya pekee. Mabishano kuhusu matokeo yake ni ya muda mrefu. John Lott alidai katika kitabu chake cha 1998 kwamba silaha zikiwa nyingi mikononi mwa watu wema uhalifu unashuka. Jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani liliipitia hoja hiyo likaona mwaka 2004 kwamba takwimu zilizokuwapo hazitoshi kuithibitisha. Kisha John Donohue wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, katika utafiti wa 2019, wakakadiria kwamba miaka 10 baada ya jimbo kulegeza masharti ya kubeba, uhalifu wa kutumia nguvu ulikuwa juu kwa asilimia 13 hadi 15 kuliko ambavyo ungekuwa. Katika sababu wanazozitaja mojawapo inatuhusu moja kwa moja: bastola inayobebwa kila siku huibwa, na ikiibwa inahamia upande wa wahalifu. Hiyo ni nchi yenye bunduki za raia nyingi kuliko raia wenyewe. Sisi, kwa makadirio ya kimataifa, tuna chini ya silaha moja kwa kila watu 100. Ni akiba ambayo nchi nyingi zingeitamani, na ikishapotea hairudi.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga masharti makali ni nzito na naijua: jambazi haendi kwa mwenyekiti wa mtaa. Yeye ana SMG iliyovuka mpaka, na sisi tunamfunga mikono mwananchi mwema. Ukanda huu una kila sababu ya kuisema hoja hiyo. Baada ya vita vya Rwanda na Burundi vya miaka ya 1990, barabara za mapori ya Biharamulo na Kahama zilikuwa hatari kiasi kwamba mabasi yalisindikizwa na askari wenye silaha. Hali ile haikutulizwa kwa kuwagawia abiria bastola. Ilitulizwa kwa doria, kwa barabara ya lami iliyowanyima watekaji mahali pa kuvizia, na kwa misako, ikiwemo Operesheni Kimbunga ya 2013, ambayo nayo iliumiza watu wasio na hatia na haipaswi kusifiwa yote. Na bunduki za majambazi haziji kutoka nje tu. Septemba 2014 wahalifu walivamia kituo cha polisi cha Bukombe, pale Ushirombo, wakaua askari wawili na kuondoka na silaha. Ikiwa kituo chenye askari waliofunzwa kinaweza kugeuzwa ghala la majambazi, mnunuzi mmoja mwenye bastola kiunoni, ambaye kitongoji kizima kinajua anayo na kinajua anarudi saa ngapi, ni ghala jepesi zaidi. Mviziaji ndiye anayechagua saa na mahali, na anakuja na wenzake. Mwenye bastola moja anabaki na kuchagua kati ya kuitoa akapigwa risasi au kutoitoa ikachukuliwa pamoja na dhahabu.

Hoja ya pili ni umbali. Rashi ikitokea kilomita 40 kutoka kituo cha karibu, polisi wanakuja kuchukua maiti tu. Hili ni kweli, na sitaki kulizunguka. Lakini tukilifuata hadi mwisho linatuambia jambo jingine. Ikiwa watu elfu tatu wamekusanyika mahali pasipo na kituo, tatizo lao ni la wote, na bastola ya mtu mmoja aliyeweza kumudu bei yake na safari za wilayani haimlindi kijana anayelala kwenye turubai juu ya fungu lake la mawe. Kwa kijana huyo, bastola ya mwenye duara ni sehemu ya hatari inayomkabili siku ya mgao. Rashi inaweza kulindwa kwa njia ambazo zinajulikana na zimewahi kutumika: kituo cha muda cha polisi kinachofunguliwa pamoja na kituo kidogo cha ununuzi, mlinzi wa kampuni mwenye shotigani inayoonekana na iliyoandikishwa kwa jina la kampuni, gari moja la kusindikiza fedha kwa siku maalumu. Serikali hupata mrabaha kutoka kwenye rashi tangu wiki ya kwanza inapoisajili. Sehemu ya mrabaha huo ikilipa posho za askari wanne na hema lao, wanunuzi wote watapata ulinzi ambao leo anautafuta kila mmoja peke yake.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inatoka kwa watu wa kawaida wala si kwa wapenda bastola. Wanasema ngazi zote hizi ni ngazi za kuomba chochote. Mwenyekiti anataka ya soda, ofisi nyingine inataka ya mafuta, na mwisho anayepata leseni ni mwenye fedha, huku mfugaji wa Nyang'hwale anayelinda ndama wake dhidi ya fisi akiishia kununua gobore kwa fundi wa kienyeji, mtutu wake ukiwa kipande cha bomba la maji. Akikamatwa nalo, kosa lake linaangukia kwenye sheria ya uhujumu uchumi, pamoja na ugumu wote wa dhamana unaoambatana nayo. Ukosefu huo wa usawa upo na unachukiza. Vipindi ambavyo serikali imewataka watu wasalimishe silaha haramu kwa hiari bila kushtakiwa, kama Septemba na Oktoba 2022, vimesaidia kuyatoa magobore vijijini, na vingefaa kuwa desturi ya kila mwaka inayotangazwa kwa Kisukuma minadani. Wala si sahihi kudhani kwamba hatari iko kwa raia tu na serikali haina doa. Shinyanga na Mwanza zinakumbuka msako wa mwaka 1976 wa watuhumiwa wa mauaji ya kishirikina, pale watu walipoteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola, hadi Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu mapema 1977. Kwa hiyo siombi ofisi ziongezewe mamlaka ya kukataa zikiwa zimejifungia mlango. Naomba kila ngazi iwe na siku za mwisho za kujibu, na ikikataa iandike sababu ambayo mwombaji anaweza kuipeleka juu. Rushwa hustawi pale ambapo faili linaweza kulala bila mtu kuulizwa. Ukiondoa ngazi ya jirani kwa sababu ya rushwa, umemwondoa mtu pekee ambaye angeweza kusema kweli, na waliobaki wote hawamjui mwombaji.

Fitina niliyoigusa mwanzo inaingia hapa pia. Jirani anaweza kumwonea kijicho aliyefanikiwa, hasa akiwa mgeni wa kabila jingine, na hili katika machimbo si jambo la kufikirika. Ndiyo sababu neno la jirani lisiwe la mtu mmoja mwenye muhuri. Liwe la wajumbe kadhaa, likiwa na maelezo ya matukio, lisiwe la sifa wala matusi: ameishi hapa tangu lini, amewahi kushitakiwa kwenye baraza la kata, amewahi kuripotiwa kwa kupiga watu nyumbani, hunywa vipi. Kwa aliyehamahama, maswali hayo hayo yaende kwenye kila kijiji alikoishi katika miaka mitano iliyotangulia. Hilo halihitaji teknolojia ngeni. Wachimbaji na wanunuzi wenyewe hupewa leseni na Tume ya Madini, na leseni zile zinaonyesha mtu amefanyia kazi wapi na mwaka gani. Msajili wa Silaha akiomba orodha hiyo, tayari ana ramani ya safari za mwombaji kutoka Chunya hadi Kakola, na kila kituo kwenye ramani kina mwenyekiti mwenye simu.

Kisha yapo mambo mawili ya kufanywa wakati wa kuhuisha leseni, maana hapo ndipo sheria inakutana tena na mtu iliyemkabidhi silaha. La kwanza ni kumtaka athibitishe upya sababu yake. Aliyeandika kwamba anabeba fedha taslimu mialoni aonyeshe kwamba bado anafanya hivyo. Aliyehamia soko la Geita au la Kahama aruhusiwe kuitunza silaha nyumbani ndani ya sefu, au aikabidhi polisi, lakini ruhusa ya kutembea nayo ikome. Hii ndiyo tofauti ya kumiliki na kubeba ambayo majimbo kadhaa ya Marekani bado yanaishikilia, na kwetu ingeingia kwa kanuni ndogo tu. Kubeba kwenye baa, kwenye mgao wa mawe na kwenye mikutano ya hadhara kupigwe marufuku waziwazi kwa kila mwenye leseni, awe na sababu gani, na anayekutwa amelewa akiwa nayo anyang'anywe siku hiyo hiyo bila kungoja madhara.

La pili ni kumuuliza mke, au mume. Kanada hufanya hivyo: anayeomba leseni ya bunduki hutakiwa kumtaja mwenza wake wa sasa na aliyeishi naye katika miaka miwili iliyopita, na mamlaka huwajulisha ili mwenye hofu aiseme. Wapo watakaosema kwamba mwanamke wa Usukuma hawezi kwenda polisi kumpinga mumewe halafu akarudi kulala nyumba moja naye. Wanasema kweli, na kwa hiyo asiitwe kituoni wala asiandikiwe barua inayopitia mikononi mwa mume. Aulizwe na ofisa wa kike wa dawati la jinsia, kwa faragha, kama sehemu ya kawaida ya kila maombi na kila uhuishaji, ili kuulizwa kwake kusiwe ishara kwamba kuna aliyelalamika. Jibu lake liingie kwenye faili likiwa limefungwa, lisomwe na Msajili peke yake, na leseni ikikataliwa barua ya kukataa isimtaje. Madawati hayo yapo tayari katika vituo vya polisi vya ukanda huu, na yanapokea kesi za vipigo. Kinachokosekana ni faili la vipigo na faili la silaha kuwekwa juu ya meza moja kabla saini haijatiwa.